Wimbo Usio wa Gwaride

Lanet, 3 Februari 1956

Dada Chepkemei,

Nakusalimu wewe, mama na mtoto wako Chepchirchir. Mimi sina homa wala kikohozi. Lakini mwezi uliopita nilianguka na baiskeli, nikavunja meno mawili ya mbele. Siwezi tena kupiga tarumbeta. Mkuu wa bendi amenihamishia stoo ya mablanketi. Miaka sita nilijulikana kama Micah wa tarumbeta. Sasa sijui mimi ni nani. Nafikiria kuacha jeshi nirudi kuchunga.

Ndugu yako,
Micah

Subukia, 20 Februari 1956

Ndugu yangu Micah,

Huku tu wazima, mvua bado. Pole kwa meno. Mama anasema urudi. Mimi nasema ungoje.

Alipokufa baba Chepchirchir, nilinunua daftari, nikawa naandika ukurasa mmoja kila alfajiri kabla ya kukamua. Wiki za kwanza niliandika habari za ng'ombe tu. Huzuni haikuisha, ila siku ziliacha kufanana. Wewe masikio bado unayo. Andika unachosikia, hata kama ni upuzi.

Dada yako,
Chepkemei

Lanet, 9 Septemba 1956

Dada,

Nisamehe kimya changu. Magoti ya mama yanaendeleaje? Mimi mzima, na niko daftari la tatu. Naandika kwa do-re-mi tuliyofundishwa misheni: lori likipanda mlima, wanawake wakipura mahindi.

Nimeandika pia ule wimbo mama aliouimba akisaga wimbi, ila nakumbuka nusu. Rafiki yangu Achola aliupiga kwa klarineti, na mkuu wa bendi akasimama mlangoni mpaka mwisho. Anautaka kwa gwaride la Desemba. Nikiukamilisha, atanirudisha kwenye bendi niwe mwandishi wa muziki. Mwombe mama nusu iliyobaki.

Ndugu yako,
Micah

Subukia, 18 Novemba 1956

Ndugu yangu,

Salamu za nyumbani. Nimechelewa kwa sababu mama alikataa wiki nane. Jana alinikalisha jikoni, akaniambia kwamba ule si wimbo wa kusaga. Aliutunga alipomzika Kipkemei, kaka yetu wa kwanza, kabla sisi hatujazaliwa. Alikuwa akisaga ili jiwe lifunike sauti yake.

Akauimba wote, mara moja. Nimeuandika, umo humu ndani. Kisha akasema, "Mwambie Micah ni wake. Lakini watu wasitembee juu yake."

Dada yako,
Chepkemei

Lanet, 14 Aprili 1957

Dada,

Natumaini mmepata mvua. Huku tumepata.

Nilimwambia mkuu wa bendi kwamba wimbo ule hautapatikana. Aliniuliza mara mbili, akachukua mwingine. Bado niko stoo. Siku kumi na moja sikuandika kitu. Ya kumi na mbili nilikaa na daftari kama kawaida, ikanijia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu. Ilinichukua mpaka Machi kuimaliza.

Jumapili iliyopita Achola aliipiga. Alikosea mahali pawili, nikamsimamisha, akarudia. Askari waliokuwa wakifua waliacha kufua. Achola akaniuliza wimbo huu ni wa nani.

Nikamwambia ni wangu.

Ndugu yako,
Micah