Ukuta wa Kanisa la Korongoni

Loishiye, mtu wa rika langu,

Sikusalimii. Umekufa ukaniachia mambo yako niyabebe mimi. Niliishia darasa la pili lakini barua hii naiandika mwenyewe, sitaki mjukuu aione hasira yangu.

Unakumbuka tulivyolipata lile kanisa. Wachimba mchanga, wale wanaojaza malori ya kwenda Elerai, waligonga ukuta wa udongo kule korongoni wakataka kuubomoa. Nani alisimama mbele ya lori? Mimi. Wewe ulikuwa nyuma yangu umeshika kofia. Niliwaambia hapa ndipo babu zetu walipobatizwa, kabla mvua haijashusha mchanga wa Mlima Meru ukalifukia lote. Wakaondoka. Tukachimba sisi wazee wa usharika mpaka ikatokea madhabahu, na juu yake msalaba mtu aliouchora ukutani kwa kidole, udongo ukiwa bado mbichi. Ulilia. Nikawaambia wenzetu ni vumbi limekuingia machoni, wasikucheke.

Halafu ukaharibu. Wanawake walikuja na ndoo kusaidia kutoa mchanga, mkeo Mama Nembris mbele, wewe ukawazuia mlangoni. "Hapa ni patakatifu. Nendeni mkapike chai." Mkeo aliweka ndoo chini akakutazama. Nilikuonya. Ukaniambia mimi najua mbuzi tu. Ukafa hivyo hivyo, hujayarekebisha.

Sasa sikia yaliyotokea. Ukuta ulipotoka mchangani ulianza kupasuka kwa jua. Mtaalamu wa mambo ya kale alikuja kutoka mjini akasema tusiguse saruji, ukandikwe kwa udongo na mavi ya ng'ombe kama walivyofanya wao, tena kabla ya masika. Sawa. Huku kwetu nani anakandika nyumba? Wanawake. Tukaenda kwa mkeo. Akatupa chai, nzito, ya maziwa. Akasema, "Chai tumepika, kama marehemu alivyoagiza. Ukuta kandikeni wenyewe, watakatifu." Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega.

Nikakandika. Mimi, niliyemfukuza fisi kwa fimbo. Nilimaliza upande mzima, nikaona kumbe ni kazi ndogo tu. Jioni udongo wote ulikuwa umeteremka chini kama uji. Mkeo akapita. "Shemeji, huo ukuta umeukandika au umeulisha?"

Wingu likakaa juu ya Meru, ufa ukafika kwenye mkono wa msalaba. Loishiye, sikuichukia mvua, nilikuchukia wewe. Nikang'oa majani mabichi nikaenda nayo nyumbani kwako. Unajua kwetu anayeshika majani anaomba msamaha. Mimi sijawahi kuyashika mbele ya mtu, hata mbele ya baba yangu. Nikasema, "Naomba kwa ajili ya Loishiye."

Mkeo aliniacha nimesimama. Kisha akasema, "Angeyaleta mwenyewe."

Nikamwambia hata mimi nasema hivyo.

Akayapokea. Ndipo akalia, mara ya kwanza tangu tukuzike. Msibani alikuwa mkavu, watu wakasema ni moyo mgumu. Haukuwa mgumu. Alikuwa anakungoja.

Kesho yake wanawake walikuja wote. Sisi wazee tulipewa kazi ya kuchota maji, na tulisemeshwa kama watoto: leta, mwaga, toka hapo. Kwenye msalaba Mama Nembris hakuruhusu mkono wa mtu mwingine. Alizunguka pembeni yake kwa kiganja, taratibu, ule mstari wa kidole akauacha kama ulivyo. Mvua imenyesha. Ukuta umesimama.

Basi lala. Kila mwaka kabla ya masika nitachota maji, na mlangoni wanawake watatangulia, nikiwa hai hakuna mzee atakayewazuia. Hiyo naahidi. Lakini kukusamehe bado. Mkeo amekusamehe, ni mtu mzuri kuliko sisi wote. Mimi nakungoja tuonane uso kwa uso.

Lomayani