Nimeacha Kazi ya Trekta

Mau Narok, Jumanne, 1956

Nimeacha kazi, na sijutii.

Misimu mitatu nimemfundisha mpwa wa mwenye shamba kuendesha trekta na kuitengeneza. Leo amefanywa msimamizi wangu.

"Utaendelea kumsaidia," mwenye shamba akaniambia.

Nikamrudishia ufunguo. "Hapana, bwana. Sasa afanye peke yake."

Nyumba hii ni ya shamba, kwa hiyo lazima tuhame Jumamosi. Hilo linanitia wasiwasi, hasa kwa ajili ya watoto. Lakini Nakuru kuna gereji nyingi, na trekta naijua mpaka skrubu ya mwisho.

Niliogopa kumwambia mke wangu, Nekesa. Alinisikiliza huku akimenya viazi.

"Baba Wafula," akasema, "mimi nilidhani utaacha mwaka jana."