Vyumba vya Nyuma

Ofisi ya Tathmini ya Maafa,
Chumba cha mwisho, karibu na stoo.
Jumatano asubuhi.

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo? Wifi naye hajambo? Na yule binti yenu mwenye kelele, meno yameota? Sisi huku wazima, ila mimi roho iko juujuu. Nakuandikia kwa kuwa simu umenikatia mara mbili, ukasema namtia mama hofu. Barua haikatwi.

Shangazi anashukuru kwa shuka. Anasema ni nzuri sana, ila miguu inabaki nje.

Sasa nisikilize. Mwezi huu ofisi yetu inapita nyumba hadi nyumba kupima hatari: mafuriko kule bondeni, maporomoko huku mlimani. Kila nyumba inapewa rangi, na nyekundu maana yake watu wahame kabla ya mvua kubwa. Vile vyumba viwili ulivyomjengea mama nyuma, fundi wako aliukata mlima kama mkate. Ukuta una ufa wa kuingia kidole. Na usinipe ile methali ya kuziba ufa; huu umezibwa mara mbili, ukafunguka mara mbili.

Tulibandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa saruji. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinavunjika. Wiki tatu nimekikuta kizima, nikawaringia wenzangu ofisini. Jana nikaingia sebuleni, nikaona picha ya harusi yako haina kioo. Ya mahafali yangu nayo haina. Nikamtazama mama, akajifanya anatafuta mwiko.

Wee! Kumbe alikuwa anang'oa kilichovunjika na kubandika kingine! Mara mbili, kaka, ndani ya wiki tatu. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu, "Vyumba hivi kanijengea mwanangu. Akisema nitoke, nitatoka. Wewe endelea kupima." Nililia mbele yake, sikuona haya.

Leo nimejaza fomu: nyekundu, na sahihi yangu chini. Lakini fomu haimbebi mtu mgongoni. Mvua kubwa inatarajiwa Jumamosi, na barua hii nampa dereva wa basi ikufikie kesho. Mpigie mama papo hapo. Usimwambie afikirie, mwambie atoke, aende kwa shangazi. Najua vyumba hivyo ulivijenga kwa jasho lako. Mimi nawe tutagombana baadaye, mama akiwa hai.

Shangazi na jirani yetu fundi cherehani wanakusalimu. Msalimie wifi, umbusu mtoto. Mungu awafunike nyote, nasi atufikishe Jumapili.

Tangu jana nimehamishia godoro langu kwa mama, maana kutoka hataki. Yeye nimemlaza upande wa mlango. Upande wa ufa nalala mimi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye hata ukimkatia simu,
Kiherehere.