Mama, Mtandao Haukufungwa

New Site, Juba
Jumatano jioni

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Goti lako linaendeleaje tangu mvua ianze? Na Baba, kile kikohozi kimemwachilia? Sisi huku tu wazima. Shangazi bado anapika pale hotelini Amarat, anatoka alfajiri na kurudi amechoka, lakini hana ugonjwa. Mimi nasoma. Joto ni lile lile.

Utashangaa kupata barua wakati siku hizi tuna simu za kuonana. Anakuletea mpishi anayefanya kazi na Shangazi, anayerudi Kitale. Nimeandika kwa sababu jambo hili siwezi kulisema ukiwa unaniangalia.

Mama, nilikudanganya. Mtandao haukufungwa.

Unakumbuka mwanzoni laini za huku zilikubali ujumbe tu. Ukibonyeza kupiga kwa intaneti, inazunguka mpaka unachoka. Kisha ikaja ile taarifa kwamba sasa tunaweza kupiga kwa bando. Nilikimbia uani bila viatu. Nikajiambia, sasa nina Mama kila Jumapili, peke yangu.

Lakini uso wako ulipotokea, maneno yakapotea. Unanijua. Uliuliza mbona nimekonda, nikasema sijakonda. Ukauliza shule, nikasema nzuri. Hapo Keji, mpwa wa mwenye nyumba wetu, aliyekuwa nyuma yangu akinisuka, akaingiza kichwa chake.

"Mama, jambo. Mimi iko hapa. Mimi ndiyo nasuka huyu mtoto yako. Kichwa yake ngumu kama mawe."

Ulicheka mpaka ukafuta macho na leso. Tangu niondoke nyumbani sijawahi kukuchekesha hivyo.

Jumapili iliyofuata ukauliza, "Na yule msusi wako yuko wapi?" Ya tatu ndiyo ile ya mrenda. Keji alikwambia huku wanauita mulukhia na wao huutia nyama kavu. Wewe ukasema, "Hebu lete sufuria nione." Ukamfundisha kuchanganya na kunde, kutia munyu wa majivu, na wakati wa kuacha kukoroga. Mimi ndiye nilishika simu juu ya sufuria mpaka mkono ukafa ganzi. Mama, mrenda huo nilikuomba unifundishe kabla sijasafiri. Ulisema nitaumwaga, nikae kando nichambue mboga. Na Keji ukamwambia, "Polepole, mwanangu." Nilisikia. Hukuwa unaniambia mimi.

Kesho yake ndipo nikakuandikia kwamba mtandao umefunga tena simu za intaneti. Keji naye nikamwambia hivyo hivyo. Ukanijibu, "Pole sana. Mwambie Keji asizidishe munyu." Nililia kwa sababu ya hayo maneno, nakwambia ukweli.

Jumapili mbili zikapita. Nilidhani nitapoa, sikupoa. Juzi Jumatatu Keji akaenda mwenyewe kwenye kibanda cha laini kugombana nao kwa ajili yetu. Dada wa pale akachukua simu yake mwenyewe, akampigia ndugu yake wa Kampala kwa bando, wakaonana hapo hapo. Keji akarudi akanikuta nafua sare.

"Simu inaenda," akasema.

Nikaendelea kusugua kola.

"Mimi nilijua. Ile siku ya mulukhia ulikuwa unaangalia mimi kama mtu nimekalia kiti yako."

"Si hivyo."

"Ni hivyo. Malesh." Hiyo ni pole kwa Kiarabu cha huku. "Mama yangu alikufa tukiwa kambini Uganda. Hata sauti yake sijui. Wako nilikuwa naazima tu, dakika kidogo."

Akachukua ndoo yake akaenda.

Jana nilimwita aje Jumapili, akasema ana kazi. Na kama ni kuungama, Mama, niungame yote: aliposema hivyo, kwanza nilifurahi. Aibu ilikuja baadaye. Hata sasa namhurumia, na bado sitaki umwite "mwanangu" kwa ile sauti. Sijui mambo haya mawili yanakaaje ndani ya mtu mmoja. Shangazi hajui lolote. Usimwambie.

Nisalimie Baba. Nisalimie kaka yangu mkubwa anayekuazima simu, umwambie asisimame hapo akisikiliza. Msalimie shemeji na mtoto wao, na Kukhu, nyanya yangu, ambaye najua sasa analala kwenye kitanda changu. Alale tu.

Jumapili saa kumi piga, itaingia. Nitapokea nikiwa peke yangu. Nikinyamaza usifikiri laini imekatika. Usikate, ningoje, nitapata la kusema. Ukishamaliza na mimi, lakini mimi kwanza, Mama, niagize nikamwite Keji. Nikiagizwa na wewe nitaenda mpaka mlangoni kwake.

Ni mimi, kitinda mimba wako,
Nekesa