Devota, Nani Alikufundisha Kufeli?

Mwanafunzi wangu mpendwa Devota,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Wapo wanaosema uko Munanila, wapo wanaosema umevuka mpaka. Baba yako anasema uko kwa shangazi, ila kila nikimwuliza, shangazi huyo anahama kijiji. Simwamini, na leo nasema hadharani.

Nakukumbuka vizuri. Nilipopangiwa kufundisha Nyakitonto nikitokea Tanga sikujua hata neno moja la Kiha, ukawa mkalimani wangu. Nikikosea ulicheka mpaka unaficha uso kwenye daftari. Hesabu za sehemu ulizimaliza kabla sijaweka chaki chini, kisha unanikodolea macho kana kwamba mimi ndiye mzembe.

Ndiyo maana matokeo ya darasa la saba ya mwaka 2013 yalipobandikwa niliyasoma mara tatu. E, alama ya mwisho kabisa, kila somo. Devota, hata mbuzi akikanyaga karatasi ya kuchagua majibu ataotea mawili matatu! Kukosa namna ile kunahitaji mtu anayejua. Nikakumbuka siku moja kabla ya mtihani uliponifuata ofisini: "Mwalimu, mtu akilijua jibu akaweka jingine, ni dhambi?" Nilikwambia uache porojo, ukasome. Ukaitikia "ego", ndiyo ya Kiha, ukaondoka.

Kisha nikasikia umeolewa. Lisemwalo lipo, nikaanza kushuku watu. Nilimshuku yule mnunuzi wa maharage, ambaye pikipiki yake ilishinda kwenu hata msimu ulipokwisha. Nilimshuku mama yako, aliyekushonea gauni jipya wakati sare yako ina viraka. Nilimshuku hata mwalimu mwenzangu aliyeniambia, "Dada, hapa si kwenu, yaache."

Kumbe wa kwanza kushukiwa nilipaswa kuwa mimi. Mapema mwaka ule, kwenye kikao cha wazazi, nilisimama nikawatisha: binti akifaulu asipopelekwa kidato cha kwanza, mgambo watamfuata mzazi. Baba yako akanyoosha mkono kwa adabu.

"Na akifeli, mwalimu?"

"Akifeli hakuna kesi," nilimjibu, nikaendelea na ajenda ya madawati.

Alishukuru, akakaa. Njia ya kukuoza bila kesi nilimwonyesha mimi, kwa mdomo wangu, na nilijiona nimewatetea wasichana. Aibu hiyo ninayo mpaka leo, Devota. Nisamehe.

Mwaka huu nimesimama tena mbele ya wazazi. Nimesema binti anayejua darasani akifeli, nitafika kwao na mtendaji wa kijiji, na nitauliza maswali mpaka wanichoke. Wamenuna. Mzee mmoja akasema walimu wa kuja huwa wanaondoka. Ni kweli, ila mimi bado nipo. Sasa kila gauni jipya nalitazama mara mbili, na kila "yuko kwa shangazi" nataka kumwona huyo shangazi.

Kasulu kuna shule imekubali kukupokea, hata kama una mtoto mgongoni. Nafasi wanakushikia mpaka Januari. Fika shuleni kwetu tu, mengine niachie.

Najua karatasi hii itapita mikono mingi, na si yote inayokutakia mema. Kama kuna mtu anakusomea huku anaruka mistari, mnyang'anye. Wewe unajua kusoma.

Nakungoja,
Mwalimu wako wa darasa la saba