Miaka Mitano ya Lucius

Jumamosi, 5 Agosti 1950

Kwa kinyozi asubuhi. Gazeti limetoka, na hakuna tena la kubishania: Lucius amechaguliwa. Atadaka mpira wa besiboli kwa upande wa Mashariki, Jumapili ya tarehe ishirini. Mwanangu katika mechi ya nyota wetu weusi — na uwanja uko karibu mno na nyumba hii hata kelele zake hufika jikoni.

Burl, kinyozi, alikizungusha kiti changu ili wote wanione.

"Haya, Mwalimu, sema kweli. Ulimpigia kura ngapi? Mimi nimenunua magazeti kwa ajili ya karatasi za kura mpaka mke wangu anauliza kama tunahamia ndani yake."

Nilimjibu kwamba sikumpigia hata moja. Mdakaji wa Philadelphia ana mkono bora. Nilimpigia huyo.

Walicheka mpaka mmoja akafuta macho. "Siku ya hukumu Mungu hatahangaika," akasema Burl. "Atamwita Mwalimu Ballard tu awe shahidi, na wote tutafungwa."

Jambo moja limenikera. Chini ya picha wameandika: Lucius Ballard, miaka ishirini na sita. Ana thelathini na mmoja. Nilishatoa penseli nyekundu mfukoni, mazoea ya darasani, kisha nikairudisha. Kosa la mpiga chapa, bila shaka. Nitamwandikia mhariri.

Jumanne, 8 Agosti 1950

Barua ya mhariri haikwenda. Kordelia aliona bahasha mezani, akaifunika kwa kiganja.

"Baba, usiipeleke hiyo."

Nikauliza kwa nini gazeti liachwe na kosa.

"Si kosa. Lucius ndiye aliyewaambia. Wachezaji wote wana umri wa nyumbani na umri wa uwanjani. Timu za wazungu zinanunua watu wetu sasa, lakini zinanunua vijana. Ukishapita ishirini na saba, wanakupa mkono, wanakusifu, wanaondoka."

Anasema mjumbe wa timu moja kubwa ya wazungu, Bwana Haskell, mtafuta wachezaji, amemfuata Lucius tangu Mei. Atakuja kumtazama kwenye mechi.

Binti yangu aliyajua haya yote. Alikuwa akikatakata bamia huku akinieleza, kana kwamba ni habari za hali ya hewa.

Jumapili, 13 Agosti 1950

Ibada. Mchungaji ametangaza kwamba mahubiri ya Jumapili ijayo yatakuwa mafupi, watu wawahi mechi. Hufanya hivyo kila Agosti, na kila Agosti waumini huitikia "Amina" hiyo kwa nguvu kuliko nyingine zote za mwaka.

Nimekaa mchana kutwa nikifikiri juu ya mechi hii. Wazungu walianzisha ya kwao mwaka 1933, Julai, uwanja huuhuu, wakati wa maonyesho ya dunia. Wetu hawakuruhusiwa kuingia na kirungu cha kupigia mpira mkononi. Waliruhusiwa kuingia na tiketi. Septemba mwaka huohuo tukawa na ya kwetu. Mashariki na Magharibi. Watu walichagua wachezaji kwa kukata karatasi za kura katika magazeti yetu — watu ambao huko kusini walikotoka hawakuruhusiwa kupiga kura ya kitu chochote. Nimewahi kumwona mzee aliyetoka Mississippi akiijaza karatasi ile hapo kwa kinyozi, taratibu, ulimi nje, kama anayemchagua rais.

Ilikuja miaka ambayo treni zilileta watu hapa kutoka New Orleans, kutoka Detroit. Kofia za wanawake zilikuwa bustani. Mtu alishona suti kwa ajili ya siku ile.

Sasa milango ya wazungu imefunguliwa, na siti zetu zinabaki wazi. Mwezi uliopita nyota wa wazungu walicheza tena hapa, na weusi walikuwemo miongoni mwao. Nilifurahi. Nafurahi bado. Lakini zamani tulikwenda kuwatazama watu wetu. Siku hizi tunakwenda kutazama nani atachukuliwa.

Ijumaa, 18 Agosti 1950

Lucius amefika kwa basi kutoka Baltimore. Alipopanda ngazi nilisikiliza magoti yake. Mdakaji huchuchumaa maisha yake yote. Magoti hayajui kusema uongo.

Alikula kuku, akanywa chai baridi, kisha akasema alichokuja nacho.

"Baba, Bwana Haskell ataongea nawe. Amesikia kwamba wewe husemi uongo. Burl mwenyewe amemwambia, mdomo wake ule. Ukisema ishirini na sita, atanichukua."

Nikamwambia hapana.

"Basi nyamaza tu."

Nikamwambia kwamba mtu akiulizwa swali wazi akanyamaza, amejibu.

Akasogeza sahani. Hakupaza sauti, laiti angepaza. "Nilikuwa tayari nikiwa na miaka kumi na tisa. Unajua hivyo. Mlango ulikuwa umefungwa, na si mimi niliyeufunga. Umefunguliwa juzi. Miaka waliyonikalisha nje ataihesabu nani? Mimi nadai mitano tu, Baba. Mingine nimewasamehe."

Nikasema nilicho nacho: kwamba alizaliwa Julai ya mwaka 1919, wiki ya ghasia, wakati watu wetu walipokuwa wakiuawa mitaani. Kwamba mkunga alishindwa kuvuka mtaa, nami nikampokea kwa mikono yangu, mchana, mapazia yamefungwa, mama yake akiuma taulo ili asisikike nje.

"Najua. Unanisimulia kila siku yangu ya kuzaliwa."

"Basi unataka niseme siku ile haikuwapo?"

Akaondoa sahani yangu na yake, akaenda kuziosha. Hajaosha sahani nyumbani humu tangu mama yake, Augusta, afariki.

Jumapili, 20 Agosti 1950

Mahubiri mafupi kweli. Yona alimezwa na kutapikwa kabla sijapata miwani yangu.

Uwanja haukujaa. Burl alikaa nyuma yetu na kikapu chake cha chakula, akawasema wote. "Mwalimu, huyo mpigaji wao amevaa viatu vya baba yake. Mtazame anavyokimbia." Alipokosea mwamuzi: "Mwazimeni mwamuzi miwani ya Mwalimu!" Hata mimi nilitabasamu, nadhani.

Lucius alikuwa mzuri. Naandika hivi nikiwa nimepima maneno. Kijana wa Magharibi, mwepesi kama swala, alitaka kuiba kituo cha pili, kukikimbilia kabla mpira haujapigwa. Lucius alitupa kutoka magotini, hakuinuka kabisa, na mpira ukamngoja kijana pale, akatolewa. Uwanja wote ulisimama. Ni mimi tu niliyejua, na Kordelia, kwamba hakuinuka kwa sababu hakuweza.

Baada ya hapo mzungu mmoja mwenye kofia ya majani makavu akaja safuni kwetu, akavua kofia. Mtu mpole. Hilo lilinisumbua, ningependa awe mkorofi.

"Mwalimu Ballard? Jina langu Haskell. Una kijana hodari sana. Nina swali moja tu kwako."

Nikamwambia sizungumzi mambo ya nyumbani kwangu hadharani. Aje kesho saa tisa alasiri.

Burl alinikazia macho. "Mwalimu," akasema polepole, bila mzaha hata chembe, "mimi niliropoka tu kule kwangu, nikinyoa. Sikujua." Hakugusa tena kikapu chake.

Jumatatu, 21 Agosti 1950

Nimevaa tai. Kordelia amekamua ndimu. Lucius amekaa kwenye ngazi za nje, mgongo kwetu, akikanda goti. Hajaniomba tena chochote. Asubuhi alinisalimu, akanipigia viatu rangi.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nimewaambia wazazi wengi maneno hayo, nao waliinamisha vichwa. Hakuna aliyeniuliza kilio cha mwana kina haki lini.

Nikisema kweli, timu ile haitapoteza kitu. Watapanda treni, watatafuta mwingine. Atakayelipa ni yule ambaye tayari amelipa. Hilo nalielewa. Lakini nikisema mwaka mwingine, nani atabaki kushuhudia chumba kile, mapazia yale? Augusta hayupo. Shahidi ni mimi pekee.

Saa tisa kasoro. Nimetazama sebule kama atakavyoitazama mgeni. Ukutani, juu ya kinanda, mahali palepale siku zote, picha ya Lucius akihitimu shule ya sekondari, na mwaka umeandikwa chini kwa rangi nyeupe: 1937. Mwenye akili atahesabu.

Nimesimama. Nimeishusha.

Ukutani pamebaki mraba, safi kuliko ukuta wote. Unaonekana kuliko picha ilivyoonekana. Kordelia ameuona. Amekwenda jikoni, amerudi na kalenda ya kampuni ya mazishi, sasa anaitundika kwenye msumari uleule. Haitoshi. Ukingo wa ule mraba unachungulia kila upande.

Picha iko magotini mwangu ninapoandika. Anatabasamu humo, meno yote.

Gari limesimama. Lucius anasema, "Karibu, Bwana Haskell, Baba yuko ndani." Kordelia ananyoosha mkono nimpe picha akaifiche, nami bado nimeishika.