Mbwa Wangu Anaitwa Mkwe, na Jumamosi Wakwe Wanakuja

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, tena naomba upesi, maana leo ni Jumatatu na ukurasa wako hutoka Alhamisi, Ijumaa natakiwa kuweka sahihi, Jumamosi nyumba inajaa wageni, na mke wangu akijua nimeandika gazetini atanicheka mpaka mwakani.

Mimi ni fundi wa makochi. Nabandua vitambaa vilivyochoka, nabadilisha sponji, napiga pini, navalisha vipya, na kazi yote naifanyia sebuleni kwangu, kwa hiyo ukija kwetu utakaa kwenye kochi la mtu usiyemjua. Mke wangu ni mwalimu, anatoka asubuhi anarudi jioni, na tuna binti mmoja tu, muuguzi, ambaye ndiye roho yangu na ndiye chanzo cha barua hii, ingawa mwenyewe atakwambia chanzo ni mbwa.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye kituo cha wanyama wasio na wenyewe, niwashonee upya mabenchi ya pale watu wanapokaa kusubiri. Mshauri, mimi sikwenda kutafuta mbwa, nilikwenda na mkoba wa vifaa na chupa ya chai. Niko chini nachomoa misumari, namsikia mhudumu wa pale, mzee mwenye mvi kunizidi, anaita kwa sauti kubwa, "Mkwe! Njoo ule, chakula kinapoa!" Nikainua kichwa. Kwenye korido yote nilikuwa peke yangu. Nikajisemea, mzee huyu binti yangu amemwona wapi, na kwa mvi zile hata haya hana? Lakini ilikuwa saa saba na njaa ilikuwa inaniuma, nikaamua ugomvi tutaufanya tukishashiba, nikaenda bombani nikanawa mikono vizuri na sabuni, nikatokea mlangoni naifuta kwenye suruali, nikamkuta mbwa anakula.

Jamani, tulicheka! Yule mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Ndipo akanieleza kwamba Mkwe ni huyo mbwa, ana miaka tisa, alilelewa na bibi mmoja ambaye sasa amehamia kwa wanawe ghorofani wasikoruhusu mbwa, na bibi ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu alitokea siku moja kama mtu aliyekuja kusalimia tu, akakaribishwa, akala, akaoneshwa pa kulala, na hakuondoka tena. Watu wakija kituoni wanachagua vitoto vya mbwa, yeye mzee, sikio moja limelala, wanampita. Nilipomaliza benchi la mwisho nikamkuta ameilalia futi yangu ya kupimia, nikiivuta anafungua jicho moja, ananitazama, analifumba. Nikajaza fomu. Unapewa siku thelathini za majaribio, ukiridhika unaweka sahihi na mbwa ni wako, usiporidhika unamrudisha, na siku ya thelathini ni Ijumaa hii.

Mimi niliridhika siku ya pili. Ikifika saa nne anaamka, anakuja kuweka pua juu ya pedali ya cherehani, kushona haiwezekani, inanibidi niinuke ninywe chai na ninyooshe mgongo, na mgongo ulionitesa miaka na miaka sasa umetulia. Mke wangu, aliyeapa hataki kuona manyoya ndani ya nyumba, ndiye anayemkatia nyama vipande vidogovidogo, ati meno ya mzee hayana nguvu. Nyumba imechangamka, mshauri, tunacheka vitu vya kipuuzi kabisa, nami nina furaha ambayo sikumbuki lini niliwahi kuwa nayo.

Shida ni jina. Binti yangu ana mchumba, mpimaji ardhi, kijana mpole sana, na Jumamosi wazazi wake wanakuja kwetu kwa mara ya kwanza. Binti akaniambia, "Baba, utaita mbwa Mkwe mbele ya wakwe? Mbadilishe jina, la sivyo mrudishe ulikomtoa." Tukakubaliana aitwe Bosi. Nimemwita Bosi wiki tatu sasa, kwa upole, kwa ukali, kwa kuimba, hageuzi hata lile sikio zima. Na hapa ndipo naungama. Nilimwambia binti kwamba mbwa ameshalijua jina jipya. Akitaka kuona, naita "Bosi!" huku nagonga bakuli lake la bati kwa kisigino chini ya meza, mbwa anakuja mbio, binti anapiga makofi.

Jumapili ya wiki iliyopita, si hii ya jana, mchumba akaja kutusalimia, mara yake ya kwanza kukanyaga kwetu. Binti alikuwa ametoka kununua soda, mama yake yuko jikoni, kijana wa watu kaachwa peke yake sebuleni, kakaa pembeni kabisa ya kochi refu la mteja. Mimi natoka uani na mkasi mkononi, macho yangu yanakwenda moja kwa moja kwenye kochi lilelile, upande wa pili, nyuma ya lundo la sponji, na naona mkia. Sikufikiri hata kidogo, nikafoka, "Mkwe! Shuka kwenye kochi la watu, unanuka!" Mbwa akateremka polepole nyuma ya sponji, kimya, hakuna aliyemwona isipokuwa mimi. Kijana akaruka, akasimama wima mikono ubavuni. "Samahani, baba," akasema. Nikafungua mdomo nimweleze, na papo hapo binti akaingia na soda zake. Ningeeleza, binti angejua kwamba hakuna Bosi wala kivuli cha Bosi. Nikafunga mdomo.

Kijana alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha saa mbili nzima, na dirisha lenyewe alilifungua yeye. Binti akamwuliza mbona hakai kwenye kochi, akasema kigoda kinamfaa mgongo. Alipoaga akawa nje barazani anavaa viatu, mimi nikabaki nyuma ya mlango, dhamiri inanisuta, nikapiga magoti nikamkumbatia mbwa wangu shingoni nikamwambia, "Mkwe wangu, usijali maneno, hapa ni kwenu, tangu uje nyumba hii ina furaha, huendi popote." Jumatano kijana akarudi, amejimwagia marashi kiasi kwamba mbwa alipiga chafya mara nne.

Sasa nifanyeje? Nikimrudisha mbwa, yule mzee wa kituoni ameshaniambia kwamba kwa umri wake hakuna atakayemchukua tena. Nikimbakiza, Jumamosi nitajisahau tu, nitafoka, na binti yangu hatanisamehe. Nikisema ukweli, nitakuwa baba mwongo siku ambayo nilitakiwa kuwa baba mwenye heshima zake. Niliwaza kumficha kwa jirani, lakini akifungiwa hubweka, na jirani atamnyamazisha kwa kumwita jina, na jina analolijua ni hilo moja.

Nisaidie, nimekwama.

Fundi wa makochi, baba wa binti mmoja na mbwa mmoja


Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka wenzangu ofisini wakaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili nilikukasirikia, na hadi naandika haya hasira haijaisha.

Tuanze na mbwa, maana hilo ni jepesi. Mbwa harudi kokote. Na jina mwachie. Wewe uliitwa Mkwe mara moja tu, tena kwa makosa, na ukaenda kunawa mikono. Mwenzio ameitwa hivyo miaka tisa, halafu unataka aache kwa wiki tatu kwa sababu una wageni? Hebu kuwa na huruma.

Sasa kisigino. Mtu mzima, fundi unayeaminiwa na watu makochi yao, unakaa mezani kwako kugonga bakuli ili umdanganye mwanao! Kwa taarifa yako, muuguzi hudanganywa kutwa nzima na watu wasiotaka sindano. Sitashangaa kama kisigino hicho alishakiona siku ya kwanza, akapiga makofi kwa kukuonea huruma.

Lakini hayo yote ni mchezo. Kosa lako ni kigoda. Mtoto wa watu alikuja kwako kwa heshima, ukamwambia ananuka, ukapata nafasi ya kumweleza, ukaikalia kimya. Saa mbili nzima unamtazama amekaa dirishani ajipeperushe, na wewe unajua. Halafu unaniandikia ukurasa mzima wa mbwa na mistari miwili ya kijana! Ungekuwa mdogo wangu ningekufinya sikio.

Tulia kwanza, nina jambo jingine. Ijumaa iliyopita, kabla hujashika kalamu, nililetewa barua nyingine. Sina kawaida ya kuchanganya barua za watu, lakini huyu naye aliomba nimjibu hapahapa gazetini, nami nilikuwa nimeshindwa la kumjibu. Anasema hivi:

"Baba wa mchumba wangu aliniambia nishuke kwenye kochi kwa sababu nanuka. Sasa naoga mara tatu kwa siku. Nimekwenda kwa daktari wa meno, hakuona kitu. Nimebadilisha viatu. Nimerudi kwao Jumatano nimejipulizia manukato, mbwa wao Bosi akanikaribia akapiga chafya. Nataka niwaambie wazazi wangu wasiende Jumamosi, nisije nikawaaibisha. Lakini kuna kitu sikielewi. Siku ile nilipokuwa nje navaa viatu, nilimsikia huyohuyo baba nyuma ya mlango akisema kwa sauti ya chini, 'Mkwe wangu, hapa ni kwenu, tangu uje nyumba hii ina furaha.' Mimi kwetu tumelelewa vizuri, ila maneno kama hayo hatuambiani. Nilifungua kamba za viatu nikazifunga upya, nipate muda wa kufuta macho. Naomba uniambie, mshauri, baba huyu ananipenda au hanitaki?"

Umesikia, fundi? Ungeendelea kunyamaza, Jumamosi hiyo unayoiogopa isingekuwepo. Ungebaki na nyumba uliyoisafisha bure, na binti anayelia chumbani bila kujua kwa nini.

Kijana, najua na wewe unasoma hapa. Ni mbwa. Mkwe ni mbwa, na anayenuka ni yeye. Wewe hunuki, hujawahi kunuka. Oga mara moja kama watu wengine, manukato uyaweke kabatini, na wazazi waje.

Fundi, rudi hapa sijamaliza. Leo hii, kabla hujakata kitambaa chochote, kaa na binti yako umwambie habari ya bakuli. Atafoka, mwache afoke, una haki ya kufokewa. Kisha mfunge mbwa kamba, mwende naye mpaka kwa kijana kabla jua halijazama, umwombe radhi kwa mdomo wako mwenyewe, umtambulishe mbwa kwa jina lake kamili. Usipige simu. Kesho Ijumaa nenda kituoni uweke sahihi, na umsalimie yule mzee mwenye mvi, mwambie mshauri naye amecheka mpaka akashika ukuta.

Jumamosi wageni wakifika usimfiche mbwa mahali. Wasimulie wewe mwenyewe ulivyonawa mikono, tena usipunguze, useme na ile sabuni. Baba anayejisema mwenyewe mbele ya wakwe hana wa kumwumbua, na mkeo atakuwa amepata cha kukucheka mpaka mwakani kama ulivyotabiri.

Jambo la mwisho. Fundi mzima, nyumba yako haina kochi lako! Una leo jioni na kesho mchana kutwa. Toa lile bovu ulilolisahau uani, kila fundi analo, livalishe kitambaa kizuri, liweke sebuleni na umwambie kila mtu kwamba hilo hakuna mteja atakayekuja kulichukua. Hapo ndipo kijana atakapokaa Jumamosi, na mbwa akitaka kupanda upande wa pili, mwache apande.

Wote wakishatulia, yarudie yale maneno uliyoyasema nyuma ya mlango, yote, neno kwa neno. Anza na "Mkwe wangu," na safari hii usimtazame mbwa.